Kidonge Kabla ya Chai

Niliporudi kutoka kwenye mijengo ya Warusi,
miaka miwili ya saruji katika kucha,
nilimsimamisha Savsan penye mwimo wa mlango
nikaweka penseli juu ya utosi wake.
Mstari mpya ukalala juu ya ule wa zamani,
pasiwe na nafasi hata ya unyoya.

"Labda penseli ni butu," mama yake akasema.
Tukacheka kidogo. Kisha tukaacha.

Mwalimu alikuwa amesema: mvivu, analalia daftari.
Jirani alisema: kijicho.
Bibi yake alisema: ni baridi ya Bartang tu,
mvisheni soksi mbili.
Mimi nilikuwa mbali, sikusema kitu,
na hilo nalo lilihesabika.

Muuguzi Khushbakht akampa vidonge vya kuongeza damu.
Huko Khorog daktari wa kwanza alitazama ulimi,
akaandika minyoo.
Wa pili alitazama saa.
Wa tatu aliishika shingo, akanyamaza,
akaishika tena.
"Hapa pana tezi iliyochoka," akasema,
"lakini mimi natibu watu wazima.
Mtoto si mtu mzima aliyekatwa mapande.
Nikikosea kipimo, nimemkosea miaka yake yote.
Nendeni Dushanbe."
Nilimchukia mpaka kwenye ngazi.
Kwenye ngazi nikamshukuru.

Saa kumi na nane ndani ya jipu, mto Panj ubavuni,
na ng'ambo yake, Afghanistan,
mtu akisukuma punda juu ya njia nyembamba kama uzi.
Savsan akabandika paji kwenye kioo:
"Na kule kuna watoto wenye shingo kama yangu?"
Dereva akaongeza sauti ya redio.

Daktari wa tezi za watoto, dirishani wakasema,
yuko Jumanne na Alhamisi.
Ilikuwa Ijumaa.
Tukalala sakafuni kwa binamu ya Gulbegim
usiku nne, tukila mkate wake kwa aibu.
Jumanne tukawa namba thelathini na moja.

Daktari Manizha hakuniuliza mimi.
Alisugua viganja vyake kwanza, vipate joto,
ndipo akamgusa.
"Kinakuchosha nini zaidi?"
Savsan akafikiri, akatazama viatu vyake.
"Kuulizwa kwa nini nimechoka."

Damu ikatolewa. Siku mbili tukangoja.
Kisha akatuchorea jiko, lile letu la chuma,
na bomba lake la moshi:
"Kuni zimo. Ila aliyepewa kazi ya kuchochea
amesinzia. Tutamsaidia kazi."
Gulbegim akauliza, atapona?
"Atameza kidonge kila asubuhi,
pengine hadi uzeeni.
Na atakua. Yote mawili ni kweli."

Kidonge alfajiri, kwa maji matupu,
na saa nzima kabla ya chai yetu
ya maziwa, chumvi na siagi.
Bibi alinuna wiki mbili:
tangu lini chai ya nyumba hii ikasubirishwa?
Sasa analilinda birika kama askari wa forodha,
saa ya ukutani mbele yake,
na hata mimi hanimiminii mapema.

Miezi minne.
Mwalimu ametuma malalamiko mapya: anaongea mno.
Jana amempiga kaka yake kwa mwiko
wakigombea zulia lililo karibu na dirisha,
na mama yake, badala ya kumkemea,
akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.
Penseli imepanda upana wa kidole.
Kidole changu kidogo, lakini ni kidole.

Machi narudi kwenye saruji; vidonge vina bei.
Nimeandika namba ya Daktari Manizha mlangoni,
kando ya mistari.
Savsan ameisoma kwa sauti, tarakimu moja moja,
kisha akaichukua penseli mkononi mwangu.
"Na yako, baba," akasema, "tuiandike wapi?"